Masalu Mwandu na Safari ya Upangwa

Masalu Mwandu, ambaye leo tunamlaza hapa Somanda, Bariadi, alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 katika kijiji cha Sola, wilayani Maswa. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Mwandu na Mama Milembe, wakulima wa pamba na wafugaji. Aliyemtangulia ni kaka yake, Salu, ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sola na kumaliza darasa la saba mwaka 1983. Wanaomkumbuka utotoni wanakumbuka mkokoteni wa ng'ombe. Msimu wa pamba wenzake walifungua nira ili wageuze mkokoteni penye foleni ya mizani, lakini yeye alisimama mbele ya ng'ombe akazungumza nao taratibu mpaka wakarudi kinyumenyume. Baba yake alitazama, akasema mtoto huyu hatalima.

Mwaka 1988 alianza kazi ya utingo, na mwaka 1991 akapata leseni. Kwa miaka mingi alibeba pamba kutoka Mkula, Kiloleli na vijiji vya jirani. Hakuwahi kuangusha gari. Mwaka 2010 mkandarasi wa barabara alimchukua kwenda Ludewa, katika milima ya Upangwa, kubeba kokoto. Aliaga kwamba anakwenda kwa miaka miwili. Alirudi mwaka 2018.

Alifunga ndoa na Nyamizi kanisani hapa Bariadi tarehe 18 Septemba 1993. Mungu aliwajalia watoto watatu: Shida, Mihayo na Veronica. Alipozaliwa Veronica, Nyamizi aliomba mtoto apewe jina la mama mkwe wake, Milembe, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kukaa katika kaya hii. Masalu alimwambia jina hilo lisubiri binti atakayefuata. Binti mwingine hakufuata. Katika miaka ile minane Nyamizi alilima pamba peke yake, akasomesha watoto, akamzika mama mkwe, na simu ya mumewe mara nyingi haikupatikana. Haya yanasemwa hapa kwa sababu mengi yamekwisha kusemwa pembeni.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2023. Alitibiwa hapa Bariadi, kisha Mwanza, akarudishwa nyumbani miguu ikiwa imevimba. Ni wakati huo alipoanza kupanga safari ya Upangwa. Tangu arudi kutoka Ludewa alikuwa akimwambia Nyamizi kwamba siku moja atampeleka kwenye milima ambako watu hulima mteremko ambao hata ng'ombe angeshindwa kusimama, na mwezi wa saba huwezi kutoka nje bila sweta. Nyamizi alijua kwamba siku hiyo imefika. Alikwenda mnadani akanunua sweta.

Masalu hakuweza tena kushika usukani, kwa hiyo alimwita Mashimba, mtoto wa dada yake, mwenye Land Cruiser ya kubebea watu wa minada. Kila jioni aliketi barazani akaipanga njia ardhini. Alimwaga majivu yakawa milima, akaweka mbegu za pamba zikawa miji, kutoka Bariadi hadi Singida, Dodoma, Iringa, Njombe, na huko juu Ludewa. Nyamizi, ambaye hakusoma, aliielewa njia ile kama anavyoelewa njia ya kisimani. Masalu alimwonya Mashimba asipande mlima mchana, kwa sababu mvua za kule hunyesha mchana. Alale Njombe, aanze alfajiri. Aingize gia nzito angali chini, asingoje gari lichoke. Penye kona nyembamba asimame, azime redio, asikilize kama kuna lori linashuka.

Jioni moja Nyamizi alikuwa akipepeta choroko karibu nao. Akamsikia mumewe akisema, "Wakati wa kurudi usinipakilie viazi vya watu. Nyuma watakaa watu."

Nyamizi akauliza, "Watu gani?"

Mashimba aliinuka, akasema anakwenda kuangalia tairi. Masalu akatazama yale majivu.

"Mama Shida, kule nina watoto wawili."

"Na mimi sweta nimeshanunua," Nyamizi akasema, akaendelea kupepeta.

Baada ya hapo alimpikia, akamwogesha, akampa dawa, lakini neno hakumpa. Masalu hakumlaumu. Siku moja, akiwa anakandwa miguu, alimweleza mwenyewe kwamba wa kwanza ni wa kiume, anaitwa Elia, na wa pili ni wa kike, amempa jina la Milembe. Nyamizi aliweka chini kitambaa, akatoka nje, akalia. Aliporudi alisema, "Jina la mama yako huwezi kuliacha milimani kama mzigo uliokushinda. Watoto hao lazima wafike hapa."

Walikubaliana waende mwezi wa nane mwaka jana, barabara zikiwa kavu, lakini hali yake ilikuwa mbaya. Wakaahirisha hadi mvua zitakapokwisha mwaka huu. Mvua hazikwisha mapema, na yeye hakuweza kungoja. Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2025, Jumapili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ukoo ulikaa siku hiyo hiyo. Kaka mkubwa Salu alipendekeza mazishi yawe Jumatano. Alisema mvua zimekata njia za milimani, watoto wale wataletwa kiangazi waoneshwe kaburi.

Nyamizi akamjibu, "Shemeji, mimi ndiye niliyekosewa, si wewe. Kama mimi naweza kuwangoja, wewe una haraka gani?"

Salu ameyasoma haya kwa ridhaa yake mwenyewe, kwa sababu ni kweli alijibiwa hivyo.

Mashimba aliondoka Jumatatu alfajiri. Alilala Njombe, akapanda asubuhi kama alivyoagizwa. Juu huko udongo ulikuwa umeporomoka ukaziba barabara, gari halikupita. Mama wa wale watoto, Anna, alikuwa upande wa pili. Mashimba alipiga simu nyumbani kuuliza afanye nini, na Nyamizi akataka azungumze na huyo mwanamke. Hawakuwahi kuzungumza. Anna alisalimia kwa unyenyekevu, akamwita dada, akasema atawashusha watoto kwa miguu mpaka penye gari, kisha yeye arudi, maana anaogopa kuja.

"Sikuiti kwa mapenzi," Nyamizi alimwambia. "Ila mtoto hawezi kumzika baba yake ugenini bila mkono wa kushika. Panda gari."

Walivuka ule udongo wakiwa wameshikana. Gari liliingia hapa nyumbani jana Ijumaa, jioni, watu watatu wakiwa nyuma.

Marehemu ameacha mjane, Nyamizi, kaka, Salu, na watoto watano: Shida, Mihayo, Veronica, Elia na Milembe. Katika kaya hii hakuna mtoto wa pembeni. Anna ameketi upande wa wafiwa, naye apewe uji kama wengine. Nyamizi hajasema kwamba amewasamehe, si Anna wala marehemu, na anaomba asiulizwe leo.

Kaburini watoto watatupa udongo kwa kufuata kuzaliwa kwao. Wa mwisho ni Milembe, ana miaka tisa na hajawahi kuona kaburi la mtu wake. Veronica amshike mkono mpaka ukingoni.

Wote aliowataka wapo. Masalu mwana wa Mwandu na apumzike sasa, kwa amani ya Mungu.