Anayekoroma Kiti cha Dirishani

Mke wa mchomeleaji aliketi mbali kidogo na mumewe, akatazama nje kama mtu asiyemjua. Bwana mzima anakoroma asubuhi kweupe, behewa zima la treni linageuka kumtazama!

"Huyo anafaidi usingizi," alisema mwashi aliyekaa nyuma yao.

"Hafaidi kitu," alijibu dada wa pembeni yake, aliyevaa koti la maabara. "Koo linaziba, pumzi inakatika. Anaamka amechoka kama alikuwa anabeba zege."

"Basi mtoeni damu muone ugonjwa umemzidi kiasi gani, arudi zake kwake."

Mke akatega sikio. Ndiyo maneno ya mumewe wiki nzima: damu atatoa, kulala hospitali na nyaya kifuani, ng'o!

"Damu itatudokezea mwili umeumia vipi, kaka yangu. Haitatuambia pumzi inakatika mara ngapi. Lazima alale tumwangalie."

"Nyinyi watu wa hospitali hamuishiwi vipimo!"

Dada alifungua kinywa amjibu, akakiacha wazi. Mkoromo ulikuwa umekatika. Behewa likatulia, na mwashi mwenyewe akajikuta amebana pumzi. Mke hakungoja. Alimrukia mumewe, akamtikisa mpaka akazinduka akitweta kama aliyeibuka majini.

"Kumbe ni wako, dada?" mwashi alimuuliza mke.

Treni ilikuwa inafunga breki kwenye kituo cha hospitali. Mke akatwaa mfuko uliokuwa miguuni pake, ambao mumewe alidhani una chakula, akauvuta zipu: shuka, na nguo za kulalia.

"Ni wangu," alisema. "Na leo halali nyumbani."