Myles Sinnott na Boma Aliloliona Mdogo Wake Kwanza

Baba Padri, wifi yangu Nance, kaka yangu Lar, watoto, na majirani wote mliokuja, mimi Statia, dada wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya kaka yetu, naye hakupenda sifa za uongo, kwa hiyo nitayasema jinsi yalivyokuwa.

Myles alizaliwa tarehe 3 Februari 1941 hapa Ballycodran, Wexford, mtoto wa kwanza wa Mogue na Kathleen Sinnott, na mwaka uliofuata akazaliwa Lar, na mama alisema kwamba tangu hapo Myles hakuwahi kumaliza uji wake bila kuchungulia bakuli la mwenzake. Alisoma shule ya kijijini, kisha kwa Mabruda mjini hadi 1959, akaajiriwa Dublin katika ofisi ya mambo ya kale, kazi yake ikiwa kukagua picha zilizopigwa kutoka angani, akitafuta maboma ambayo walowezi wa Kinormani waliyazungushia handaki la maji la pembe nne miaka mia saba iliyopita, na ambayo leo yamebaki mstari tu wa shayiri iliyokolea kijani kuliko nyingine. Alifunga ndoa na Nance Devereux tarehe 8 Juni 1968, wakajaliwa mabinti wawili, Ita na Una.

Lar alijifunza urubani, na hapo kidonda kikatoneshwa, maana Myles akipanda hata ngazi ya ghalani kichwa kilimzunguka, huku mdogo wake akipaa na kamera juu ya mashamba yetu, na watu wakimnunulia bia kwa kila alichokiona.

Katika ukame wa kiangazi cha 1976, Lar alipiga picha ya mraba katika shamba la Wat Stafford, akampelekea Myles nyumbani, akaitupa mezani na kusema, "Haya kaka mkubwa, boma hilo, na jina langu uliandike vizuri," naye Myles akaitazama kidogo tu, akajibu, "Boma gani? Huo ni uzio wa miti ya mapambo, uliopandwa na bwanyenye fulani wa zamani. Wewe ukiwa juu huoni ardhi, unaona raha zako," na kwa neno hilo Wat akaruhusiwa kusawazisha shamba ajenge zizi.

Wiki iliyofuata, wakila viazi, Nance alimuuliza, "Picha ile ingeletwa na mtu mwingine, ungesema hivyo?" Myles akasukuma sahani, akaichukua tena ile picha, akakiri kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa ameuona mfereji mwembamba ukitoka kijitoni kuingia kwenye mraba, na uzio wa miti haukuhitaji kuletewa maji.

Kesho yake alipanda treni ya asubuhi kuja huku shambani kwa Wat, akakuta tingatinga limeshawashwa, akasimama mbele yake na viatu vyake vya ofisini, na Wat akapiga kelele, "Si wewe uliyesema si kitu? Ulikosea, au ni kijicho?" naye akajibu, "Vyote viwili, Wat. Zima mashine."

Wachimbaji walitoa mbao za daraja na kiatu cha ngozi cha mtoto, gazeti likatoa picha ya Lar akiegemea ndege yake, jina la Myles halikuwemo, naye alinunua nakala moja, akafungia mayai. Tusidanganyane, kijicho hakikumtoka, ila tangu siku ile kila picha ya Lar alimpa kwanza mwenzake wa ofisini aitazame, akafanya hivyo hadi alipostaafu mwaka 2006 na kurudi hapa.

Aliugua mapafu tangu 2018, na Lar alikuja kumwona kila siku, wakitaniana juu ya picha zake za zamani, "Hii umepiga juu mno, kivuli kimepotea," "Ungepiga wewe, ambaye hata ngazi inakushinda?" hadi muuguzi akaja kuwanyamazisha, na Jumatatu asubuhi, tarehe 11 Novemba 2019, Myles akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea mikate na supu, na wenzake wa ofisini.

Lar, kaka yangu, Myles kabla hajafa alinipa maneno nikufikishie, nami sikupata nguvu ya kuyasema mpaka leo. Alisema, "Mwambie sijamsamehe kwa kutangulia kuliona. Lakini mwambie aliona sawasawa."

Kaka Myles, pumzika sasa, kwa amani.