Majina Kwenye Vifuniko

Kwenye basi, siti ya nyuma yangu, mtafiti wa kuzeeka kwa seli alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Nilikuza maabarani seli za ngozi yangu na za mama yangu, kila mmoja na kisahani chake. Zangu zikachoka kwanza! Bibi, usingizi uliniruka. Leo nimepima upya, kumbe niliandika majina kwenye vifuniko, na siku ya kuzilisha nikavirudisha vikiwa vimebadilishana. Zilizochoka ni za mama!"

"Afadhali," alisema bibi. "Mama yako anajua?"

"Hapo ndipo penye kazi. Nilishamwambia seli zake ni changa kuliko zangu. Amewatangazia majirani wote, na sasa anavaa viatu vya visigino virefu."

"Basi nyamaza."

"Siwezi, bibi. Sayansi ni ukweli."

"Sayansi haina mama. Wewe unaye."

Nilitaka kugeuka nimpigie bibi makofi, lakini shingo yangu nayo ina miaka yake.

Basi likasimama. Simu ya mtafiti ikaita, akaipokea huku akishuka: "Shikamoo, mama. Seli? Eeh, zile seli..."

Mlango ukafungwa.