Mwanamume Anayesuka Ukili Dakani

Daka la nyumba ya Bwana Nabhan, kile kibaraza cha mbele ya mlango, pale Mkomani mjini Amu, kwenye kichochoro kinachopinda kabla ya msikiti, lina viti viwili vya mawe vinavyotazamana, na vimekaliwa na makalio yale yale kwa miaka ishirini na saba. Kila siku watu wakishatoka kusali alasiri, Wazir huja na dele lake la kahawa ya tangawizi, vikombe vikigongana mkononi, na kazi ya kuitengeneza dunia huanza. Pana Dawud, mshona kofia, aitwaye Hakimu kwa kuwa hukata kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Pana Mahir, aitwaye Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Na pana mwenye daka, Bwana Nabhan, karani mstaafu wa forodha, ambaye hadi mwezi uliopita hakuwa na jina la utani. Sasa analo. Wanamwita Bi Miyaa.

Miyaa ni yale majani makavu ya mkindu, yakichanwa na kutiwa rangi. Nabhan hukaa nayo mapajani mbele ya kila apitaye, akiyasuka yawe ukili, ule mshipi mrefu ambao baadaye hushonwa mzunguko kwa mzunguko ukawa mkeka. Na mji wetu una mambo yake. Mwanamume ataketi barazani ashone kofia mpaka macho yamlie, na hakuna atakayemtazama mara mbili; watamsifu. Lakini ukili ni kazi ya wanawake, na ni kazi ya ndani. Nani aliyegawa hivyo, ukiuliza utaambiwa ndivyo ilivyo, na ukiuliza tena utaambiwa huna adabu.

Ukweli wa jambo hili ulikuwa mfupi, ila Nabhan alikuwa ameahidi kutousema. Wiki saba nyuma mkewe, Bi Ummu, aliamka upande wa kulia wote hauna nguvu. Walikwenda hospitali Mombasa, majirani wakaambiwa wamekwenda kutazama nguo za harusi ya binti yao, Fairuz. Mguu ulirudi kidogo. Mkono haukurudi. Na mkeka wa Fairuz ulikuwa nusu, umeviringishwa chini ya kitanda. Kwao Bi Ummu, bibi harusi hutandikiwa mkeka uliosukwa na mkono wa nyumba yake mwenyewe, haununuliwi wala jirani hashiki. Mamake alifanya hivyo, na mama wa mamake. Majirani wangejua habari ya mkono, wangejazana mle ndani na kuumaliza mkeka kwa siku mbili huku wakijifuta machozi. Bi Ummu alisema hamlazi mwanawe juu ya huruma za watu. Bibi harusi mwenyewe hausuki wake, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, na mikono ya kusukia ikawa imebaki ya mmoja.

Basi Nabhan, aliyeshika kalamu maisha yake yote, akafundishwa kusuka akiwa na miaka sitini na minane. Ndani ya nyumba za mawe mna kiza, na darini kwenye mwanga Bi Ummu hawezi tena kupanda. Kwa hiyo yeye akatoka kukaa dakani, na mkewe akawekewa kiti tekani, nyuma tu ya mlango, amsikie akihesabu majani, moja juu, mbili chini. Alipokosea, jioni humwambia pa kufumua. Mwanzoni Bi Ummu alimshauri angoje watu waondoke ndipo asuke. Nabhan alikataa katakata. Hajaiba miyaa ya mtu, alisema, na daka ni lake.

Siku ya kwanza waliona ni mzaha. Siku ya tatu Redio akaja na habari kwamba kuna hoteli huko Manda inayotaka kuweka wazee wa Amu wakisuka mbele ya wageni, na Nabhan yuko mazoezini. Wiki ikapita, hakuna mgeni wala kamera. Ikaja habari nyingine, tena kutoka kwa mtu wa kuaminika ambaye hatajwi: serikali inaandikisha mafundi wa kazi za mikono, na atakayeonyesha ukili wa pima kumi atapewa kiwanja bara, upande wa Mokowe. Hiyo ilimfanya hata Wazir autazame ule ukili kwa tamaa, na akauliza kama pima tano hazitoshi kwa kiwanja kidogo.

Hakimu hapendi kupitwa, akatoa yake. Nabhan ana jini. Tena jini la kike, la tangu enzi za mababu, limeposwa na sasa linadai mkeka wa harusi. Ushahidi ni ule mnong'ono wake: moya yuu, mbili tini, moya yuu, mbili tini. Hakimu alisema ile si hesabu, yale ni masharti. Redio akaunga mkono, akaongeza kuwa posa ilipokelewa Shela mitangani, kwenye vilima vya mchanga, na mashahidi walikuwa punda wawili.

Hayo Nabhan aliyachukulia kama kelele za vikombe. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Ijumaa moja, pale watu wanapovua viatu mlangoni mwa msikiti, mtu ambaye hata si wa mtaa alimwita Bi Miyaa, na wengine wakacheka chini chini wakitazama ukuta. Alisali, akavaa viatu, akaondoka. Alipofika nyumbani hakumwambia mkewe, lakini siku ile alisuka zaidi ya siku zote, na kwa sauti ya juu zaidi.

Sasa ikawa Jumatano hii. Kahawa imepita mkupuo wa kwanza, Nabhan amekwishafika pima ya nane, na Hakimu akajikohoza kama mtu anayefungua kikao. Sindano yake haikusimama kwenye kofia.

— Bwana Nabhan, sisi tumezungumza. Harusi ya binti yako iko karibu, na wageni watapita ndia hini. Wakukute umekaa na ukili mapajani kama bibi yangu? Utie ndani. Hutaki, basi kuanzia kesho sisi twahamia daka la Bwanamkuu.

— Na kahawa? akauliza Nabhan.

— Kahawa hufuata watu, akasema Redio.

Wazir akachungulia ndani ya dele lake kana kwamba jibu limo humo.

Nabhan aliogopa, na hilo lisemwe wazi. Miaka ishirini na saba si mchezo. Watu hawa walimshika mkono alipomzika babake. Wakati Fairuz alipozaliwa kabla ya siku zake, walikaa hapo hapo mpaka alfajiri, wakibishana juu ya jina la mtoto ambaye hawakujua kama ataishi. Daka tupu alasiri, yeye na mlango wake tu, aliliona mbele yake. Lakini vidole havikusimama, na aliposikia sauti yake mwenyewe ilikuwa imetulia.

— Dawud, mkononi mwako una nini?

— Kofia.

— Umeshona tangu lini?

— Tangu nna miaka kumi na miwili. Lakini usichanganye mambo. Kofia ni ya kichwa. Mkeka ni wa makalio.

— Na ukisujudu, kofia yako waiweka wapi?

Wazir alicheka mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni. Hakimu akajibu kwamba misikitini siku hizi kuna mazulia. Redio akasema mazulia yanasukwa na mashine, na mashine si mwanamke, kwa hiyo hapo hakuna hoja ya upande wowote. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshashika kasi, akaeleza kwamba ukili wa kwanza duniani ulisukwa na mwanamume wa Pate, aliyefungiwa kisiwani na dhoruba siku arobaini, na aliporudi nyumbani mkewe akauiba ujuzi ule usingizini. Hakimu akauliza ujuzi huibwaje usingizini. Redio akasema kupitia masikio. Wakabishana juu ya masikio mpaka Hakimu akasimama, akaja kujiweka mbele ya Nabhan, mikono kiunoni.

— Tuyaate hayo. Tupe yambo moya. Watia ndani, au hutii?

— Sitii.

— Hata kwa ajili yetu?

— Hata kwa ajili yenu. Nendeni kwa Bwanamkuu, ana daka zuri na ni mtu mwema. Mimi ntasuka hapa mpaka uishe. Ukiisha, ntaushona hapa hapa. Na ntakapomaliza kuushona, nikipenda, ntaanza mwengine.

Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Fanuel. Huyu ni kijana wa bara, ana miezi miwili tu mjini, anafundisha shule ya msingi na amepanga chumba nyumba ya mbele. Watu wanampenda kwa kuwa anasalimia hata paka. Wazir akamtilia kikombe, naye akakaa ukingoni mwa jiwe, na Redio akammiminia kisa chote bila kupumua: hoteli, kiwanja, jini, punda wawili, mtu wa Pate, na hukumu ya kuhama. Fanuel alisikiliza kwa makini kama mtu anayesahihisha daftari. Akanywa. Akautazama ukili, halafu akawatazama wao.

— Nimeelewa, wazee wangu. Lakini si mnasema hii kazi ni ya kina mama? Sasa mama mwenyewe ako aje? Mbona hasuki?

Wazee wakatazamana. Si kwamba hawakutaka kujua. Hapa mtu hamuulizi mwenzake habari za mkewe, hata wawe wamekula sahani moja tangu utotoni. Huuliza tu, nyumbani hawajambo? Naye mwenzake hujibu hawajambo, alhamdulillahi, na mambo yakaishia hapo. Kila alasiri, wiki hizi zote tangu arudi Mombasa, wote watatu walimuuliza Nabhan hivyo kabla ya kikombe cha kwanza, na kila alasiri alijibu hawajambo, nao wakashika kikombe na kuanza kumtafutia majini. Redio aliweka kikombe chini. Hakimu alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, na mtu angeweza kuona akizihesabu zile wiki, akijiuliza mara ya mwisho alimwona lini Bi Ummu akitoka kwenda shughulini, na asiikumbuke.

Jibu Nabhan alikuwa nalo, na ulimi wake ulilishika. Ahadi ni ahadi. Akainama kwenye kazi yake, na kwa kuwa ilikuwa lazima mdomo useme kitu, akahesabu.

— Moya yuu. Mbili tini. Moya yuu. Tatu tini.

— Nabhan, umeruka. Fumua.

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Ilikuwa ya Bi Ummu, na haikuwa yake ile waliyoizoea ikiita kutoka dirishani. Maneno yalitoka mazito, yakiburura upande mmoja. Kwa miaka yote ile hajawahi kusema kutoka hapo mlangoni daka likiwa na watu. Nabhan akageuka kuutazama mlango. Machozi yalimjaa, na hakuyaficha.

— Shikamoo mama, akasema Fanuel.

— Marahaba, mwalimu. Umeuliza, nami ntakujibu, kwa kuwa hao wengine wana adabu mno. Mkono wangu wa kuume umekufa. Huo mkeka ni wa mwanangu, na kwetu husukwa na mkono wa nyumba. Mkono wa nyumba uliobaki ni huo mwauonao. Hauna ufundi, lakini hausimami.

Redio alikuwa na habari kubwa kuliko zote za mwaka, na akaishia kukusanya vikombe. Wazir aliweka dele chini polepole lisilie kwenye jiwe.

— Dawud, ikasema sauti.

— Naam, Bi Ummu.

— Nayua ni wewe uliyesimama mbele yake. Yeye hukosea akizibiwa mwanga. Kama wahama, hama. Kama wakaa, kaa. Lakini toka mwangani.

Hakimu akatoka mwangani. Akaenda kuketi jiwe la pili, upande wa kivuli, akaishika kofia yake bila kushona, na Nabhan akaanza kufumua.