Kipaza Sauti Kilichozimwa Ibadani

Mshonaji alikuwa akisali kimoyomoyo ndani ya basi, lakini masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, fundi wa vipaza sauti kanisani alikuwa akimweleza abiria mwenzake, msusi, kwa nini wazee wa kanisa wamemwita jioni hiyo.

"Mgombea alipewa nafasi asalimie tu. Akapaza, 'Chama chetu kitashinda!' Waumini wote, 'Amina!' Mazoea hayo, dada yangu. Nikamzimia kipaza sauti."

Msusi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Makubwa! Kumbe humpendi."

"Nampenda, na kura yangu anayo. Ila madhabahu si jukwaa."

"Watakufukuza, kaka. Sema umeme ulikatika."

"Feni zilikuwa zinazunguka. Na nidanganye kanisani?"

Mshonaji akamwongeza fundi katika sala yake, maana mkweli naye ana watoto wa kulisha.

Basi likasimama mbele ya kanisa. Wazee walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Niombee, dada," fundi akasema akishuka.

"Nitakuombea," msusi akajibu, "ingawa mimi ni wa chama kile kingine."

"Basi mgombea wenu akija, naye nitamzimia!"

"Ukibakizwa kazini!" msusi akamjibu kwa sauti kutoka dirishani, na basi likaondoka.