Mama Lebo Aliyekataa Kuzima Ukaguzi

Baada ya miaka thelathini na moja katika kitengo cha kompyuta cha hospitali yetu, mhandisi wa usalama wa mifumo, ambaye sote tunamwita Mama Lebo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mumewe ameshatuonya: tarehe mosi Julai simu yake itakuwa imezimwa.

Alianza kazi wakati chumba cha kompyuta kilipokuwa bado nusu stoo ya magodoro. Alipanda cheo hatua kwa hatua, hadi akakabidhiwa jambo lililowatoa wengi jasho: ukaguzi wa lebo za usalama. Kila programu hupewa lebo yake, na kila soketi, yaani kitundu ambacho programu hukitumia kupokea na kutuma habari mtandaoni, nayo hupewa yake. Mfumo endeshi, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, huzilinganisha. Kanuni zisiporuhusu, hakuna kupita, hata uje na suti ya harusi.

Tusimpambe kupita kiasi. Dada yetu ni mbishi. Asubuhi moja kanuni yake mpya ilizifungia printa zote, jengo zima likarudi enzi za kalamu. Alizunguka ofisi kwa ofisi kuomba radhi, mkononi mfuko wa peremende. Wengine tulitamani akosee tena.

Kisha ikaja siku ambayo majibu ya maabara yaliacha kufika wodi ya dharura. Programu ya majibu ilikuwa imetoka kuwekwa toleo jipya, na mfumo ukaikatalia kutumia soketi yake. Wauguzi walipanda na kushuka ngazi, karatasi mkononi. Mganga mkuu akaagiza ukaguzi uzimwe. Lakini simu iliyomchoma zaidi ilitoka kwa kifunguamimba wake, muuguzi wa wodi hiyohiyo.

“Mama, wagonjwa wanasubiri. Si uuzime tu huo ukaguzi?”

“Mwanangu, nikiuzima kwa ajili yako, nimemfungulia na mwizi. Nivumilie.”

Alimwomba mganga mkuu ampe hadi adhuhuri, akawatuma wenzetu wakasaidie kubeba majibu, akaketi. Mimi nilikuwa kando yake akipekua taarifa za mfumo mstari kwa mstari. Hatimaye akapiga meza. Katika toleo lile jipya, soketi ilikuwa ikifunguliwa na programu nyingine, ile inayowasha huduma, kisha programu ya majibu ikairithi ikiwa bado na lebo ya mmiliki wake wa kwanza. Ni sawa na mtoto kupelekwa shule na sare ya shule jirani. Akarekebisha ili soketi ipewe lebo ya maabara tangu inapofunguliwa. Majibu yakaanza kumiminika. Binti yake alipiga tena, akicheka huku analia.

Wiki iliyofuata wavamizi waliiteka programu ya skrini ya foleni pale mapokezi, wakajaribu kuitumia kufikia kumbukumbu za matibabu. Wakagonga mwamba. Lebo ya skrini haikuwa na ruhusa ya kugusa soketi ya kumbukumbu, basi. Ukaguzi ungekuwa umezimwa, siri za wagonjwa wetu zingeanikwa juani. Mganga mkuu alishuka mwenyewe hadi kitengoni, akampa mkono na kusema, “Ulinikatalia, ukaniokoa.” Mama Lebo akamjibu, “Bosi, hata mimi niliogopa.”

Hofu hiyo hakuwahi kutuficha, nasi tulijifunza kwake kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akasimama imara. Leo kitengo kina wahandisi sita wanaojua kusoma lebo, na wote wamepita mikononi mwake, wakakaripiwa, wakapewa chai.

Dada yetu, ahsante. Wapo wagonjwa wengi waliolala hapa na siri zao zikalala salama, wala hawatajua ni nani wa kumshukuru. Tunakushukuru kwa niaba yao. Uende na afya, ucheke na mzee wako, uwalee wajukuu wakudekee. Na wewe sasa, mama, ulale usingizi mnono.