Mluzi Nyuma ya Mdakaji

Misa ya saa moja ilikuwa haijaisha, lakini benchi la mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Provi lilikuwa limeshajaa, maana saa nane mchana timu ya besiboli ya Cerro Pando ilikuwa inacheza mechi ya kuamua bingwa wa mkoa. Fredo aliketi pembeni, kikombe mkononi, kahawa hajaigusa. Mwanawe Yamil ndiye mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya mrushaji. Nafasi hiyo aliipata mwezi uliopita, pale Yayo Maisonet, mwenye miaka arobaini na moja na misimu ishirini katika timu, alipokatika mshipa wa kisigino mbele ya mji mzima. Tangu hapo timu haikuwa imepoteza hata mechi moja. Na asubuhi hiyo Yamil alikuwa amemwambia baba yake kwamba hachezi.

— Hachezi kivipi? — aliuliza Cuco, dereva wa basi dogo la timu. — Mdakaji mwingine hatuna. Tuweke ndoo pale?

— Anaogopa.

— Anaogopa kugongwa na mpira?

— Anaogopa mluzi.

Hakuna aliyeuliza mluzi gani. Enzi zake, Yayo alipoona mpinzani amejitoa kwenye bezi, kile kituo anachopaswa kukigusa, alipiga mluzi: mmoja, mwenzake wa bezi ya kwanza akajua mpira unakuja kwake, miwili, ukaenda bezi ya pili. Sasa Yayo hakuwepo, na Yamil aliapa kwamba mluzi bado unapigwa, mgongoni mwake, chini chini. Anausikia, anarusha, mtu anatolewa.

— Mechi ya Ijumaa ulikuwa mdogo, — alisema Fredo. — Anasema ulikuwa kama wa mtu aliyeishiwa pumzi. Ukapigwa mmoja, halafu kimya mpaka mwisho. Kijana anasema hawezi kukipa mgongo kitu asichokijua. Yuko nyumbani ananisubiri. Sasa niambieni, nikamwambie nini?

— Mwambie ni chura, — alisema Cuco. — Vyura wetu wanapiga mluzi kuliko trafiki.

— Mchana, jua linawaka? — alisema Tornillo, fundi wa feni. — Chura gani huyo, kasaini mkataba na timu? Ni upepo, bwana. Jukwaa lile limejaa nyufa. Upepo ukipita, linalia.

— Upepo unaojua bezi ya pili iko wapi! — Mama Provi alicheka huku akimimina kahawa. — Huo tuusajili.

— Mbona mwamuzi anasema hajasikia kitu? Naye anasimama palepale nyuma ya Yamil, — alisema Tornillo.

— Mwamuzi yule, Tornillo, anatukaniwa mama yake kila Jumapili. Umewahi kumuona akigeuka? — alisema Cuco.

Wakacheka wote, isipokuwa Fredo.

Mama Provi akaweka birika chini.

— Mimi naona hivi. Yayo yuko kitandani, kajazwa dawa za maumivu, analala mchana kutwa. Mwili unalala, roho inakwenda kazini. Miaka ishirini! Nani ameiambia kwamba iko likizo?

— Basi Ijumaa ilikosa usafiri, — alisema Cuco.

— Cheka tu.

Tornillo hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake kitupu.

— Mnaukumbuka ule mlio? Siku alipoumia?

Waliukumbuka. Ulikuwa kama ubao unaovunjika, na watu walinyamaza jukwaa zima kabla hata Yayo hajaanguka.

— Mlio kama ule hauishi hivihivi. Mimi nafanya kazi na vyuma, najua. Umenasa palepale, chini ya kile kibao anaposimama mpigaji, unatafuta pa kutokea. Ijumaa ulikuwa umekaribia kupata njia.

— We Tornillo, hebu acha hizo, — alisema Mama Provi, lakini alijifunga vizuri kitambaa chake mabegani.

Cuco akainama, akashusha sauti.

— Niseme? Msinicheke lakini. Kuna mtu hapa amewahi kumuona Yayo akila?

— Makubwa haya!

— Jibuni. Mmemuona kwa kinyozi? Dukani? Kwenye msiba wa mtu?

— Mimi namuuzia kahawa kila wiki, — alisema Mama Provi.

— Wapi?

Akafungua mdomo, akaufunga.

— Uwanjani. Nikipeleka chupa siku za mechi.

— Mnaona? Mimi nikifika na timu, namkuta. Nikiondoka na timu, namwacha anafagia. Miaka yote! Sasa mtu gani huyo asiye na kwao? Sikilizeni, yule hakuja kwenye uwanja. Yule amekuja *na* uwanja. Mwambie Yamil ni jini, Fredo, lakini ni jini letu. Achuchumae kwa amani.

Fredo alijaribu kumkumbuka Yayo akiwa mahali pengine. Yayo ndiye aliyemfundisha Yamil kudaka, jioni baada ya jioni, na kila mara Fredo alipokwenda kumchukua mtoto alimwona mwalimu akipunga mkono kutoka ndani ya lango. Ndani ya lango, kila mara. Hakupata picha nyingine.

— Habari za asubuhi, wakubwa.

Cuco aliruka nusura amwage kahawa. Aliyewasalimu alikuwa mwanamke wa makamo, sare ya buluu, mkoba begani.

— Nzuri, dada. Karibu kahawa.

— Asante, nina haraka. Mimi ni muuguzi, natoka hospitali ya mkoa. Namtafuta Edilberto Maisonet, yule mchezaji. Alitakiwa kurudi tumsafishe kidonda cha upasuaji, hajatokea, na simu yake haipatikani. Nyumba yake ni ipi?

Mikono mitatu ikanyooka. Wa Cuco ulielekea mtoni. Wa Tornillo ulielekea kilimani. Mama Provi alionyesha nyuma ya kanisa. Kisha kila mmoja akauona mkono wa mwenzake.

— Si anakaa kwa dada yake? — aliuliza Mama Provi.

— Dada yake alihamia Orlando, ng'ambo, zamani, mama, — alisema Tornillo.

— Mimi nilidhani wewe ndiye uliyempeleka kwake, Tornillo.

— Mimi? Kwa gari gani?

— Nani kati yenu amekwenda kumjulia hali? — aliuliza muuguzi.

Timu ilikuwa inashinda. Kila mtu alidhani mwenzake ameshakwenda.

— Kidonda kile kikiingia uchafu, homa itamlaza asiweze hata kuita mtu. Siku aliporuhusiwa lilikuja gari la timu kumchukua. Nani alikuwa anaendesha?

— Mimi, — alisema Cuco. Ule mdomo wote ulikuwa umemwisha. — Alikuwa na magongo yake na mfuko mmoja. Akaniambia nimshushe langoni mwa uwanja. Akasema nisisubiri, atapitiwa.

— Atapitiwa na nani?

Cuco alimtazama Tornillo. Tornillo alimtazama Mama Provi.

Fredo alikuwa analiona jukwaa kichwani, mita chache nyuma ya mdakaji. Chini ya viti vya zege kuna stoo ya zamani, isiyotumika, na dirisha lake la nondo liko usawa wa mgongo wa mtu aliyechuchumaa. Ufunguo wa stoo ile alipewa Yayo, hakuna aliyekumbuka lini, wala aliyewahi kuudai.

— Cuco, washa basi, utufuate uwanjani.

— Mechi si saa nane, Fredo? Bado mapema.

Fredo alikuwa ameshavuka barabara, anakimbia kuelekea uwanjani, na muuguzi nyuma yake.